Mti wa Kwao Farjalla

"Mti usioliwa, usiojengewa, usiotibu mtu, unapandwa wa nini?"

Wanawake wa Kilindoni waliniuliza hivyo kisimani, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, wino ungali mbichi vidoleni mwangu. Swali lao lilinichoma. Lililonichoma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumuuliza Mdachi aliyeniajiri swali hilohilo, naye alinijibu, na jibu lake sikulielewa.

Ninyi mlioanza kazi juzi kwenye kitalu cha miche, mnaonivutia kigoda kila nikipita kuwatazama, mmenitaka niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nimekubali. Lakini msitegemee nianze mwanzo niende moja kwa moja hadi mwisho. Nikiikumbuka bustani ile, kinachonijia kwanza si siku ya kwanza. Ni harufu ya mashimo mapya yakipata mvua, na sauti ya mtu mmoja akicheka ndani ya shimo, kichwa tu kikionekana. Mengine mtayapanga wenyewe.

Jueni haya tu. Muda mfupi kabla ya ile vita kubwa ya kwanza, Wadachi, ndio Wajerumani, walihamisha boma lao kutoka Chole wakalileta Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, na pamoja na boma wakataka bustani. Hawakutaka shamba. Walitaka mahali penye miti na maua ya kila namna, ya bara na ya ng'ambo, kila mti na kibao chenye jina lake, njia za kutembelea, na mlango ulio wazi kwa kila mtu. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Mdachi kijana, mwembamba, pua imebabuka kwa jua. Tulimwita Bwana Bustani. Kiswahili alikijua, ila alikisema polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo.

Vibao vilitakiwa viandikwe mara mbili: juu kwa herufi zao, chini kwa herufi za Kiarabu, ili watu wa hapa wasome. Akaajiriwa baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa kuwa hati yake ilisifiwa kisiwa kizima. Watu hawakujua kwamba macho ya baba yalikuwa yameshaingia ukungu. Alivileta vibao nyumbani, nikaviandika mimi. Bwana Bustani alivifurahia sana. Baba alivumilia sifa zile mwezi mmoja, kisha dhamiri ikamshinda, akaenda kusema kweli. Yule Mdachi akatazama vibao, akanitazama mimi niliyejificha nyuma ya baba, akasema, "Basi aje mwandishi mwenyewe." Ndivyo nilivyoingia kazini, nimejitanda kanga hadi puani, na shangazi yangu Mwatumu nyumbani analia kana kwamba nimezikwa.

Siku ileile ya kwanza nikauliza.

"Bwana, miti hii ya nini?"

"Ya kutazamwa."

"Mtu akiitazama anapata nini?"

"Anajua."

"Akishajua?"

Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Anajua," akarudia, kisha akaenda kupima njia zake.

Nyuma yangu mtu akacheka. Ndicho kile kicheko nilichowaambia, kinatoka shimoni. Alikuwa Farjalla, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa makamo, mabega mapana, mvi zimeanza kwenye ndevu. "Huyu binti mwalimu tumuite Bi Kwa Nini," alisema. "Mdachi amepata dawa yake." Jina lile lilinishika mpaka nikaolewa, na hata baada ya hapo.

Farjalla alikuwa ameletwa Mafia mtoto mdogo, pamoja na watu wengine waliouzwa, akafanywa mtumwa kwenye shamba la minazi upande wa kaskazini. Bwana wake alipokaribia kufa alimwacha huru kwa wasia. Aliijua ardhi ya kisiwa hiki kuliko wenye mashamba. Mimi mengi ninayowafundisha ninyi nimeyatoa kwake. Mkiambiwa mchimbe mashimo mapema, myaache wazi yapigwe na jua hata majuma matatu ndipo mpande, huyo ni Farjalla. Kivuli cha makuti juu ya kitalu, upande wa mashariki kikiwa wazi ili miche ipate jua la asubuhi, ni Farjalla pia. Na lile la kupunguza makuti moja moja badala ya kuyang'oa yote siku moja, alinifundisha kwa kunitania: "Wewe ukitolewa ndani kwa shangazi yako ghafla, si utaungua uso?"

Sasa lile la shikamoo. Asubuhi ya pili nilimwamkia, "Shikamoo," kwa kuwa alinizidi umri sawa na baba. Wachimbaji wakaacha majembe. Farjalla hakuitikia. Alijifanya anatafuta kitu udongoni. Jioni habari ilishafika nyumbani kabla yangu.

"Unamwamkia mtumwa shikamoo?" Shangazi Mwatumu aliuliza. "Wewe, damu ya Manga?"

"Damu ya Kiarabu imo kidogo tu, shangazi, tena upande wa babu. Yeye si mkubwa kwangu?"

"Mkubwa wa nini?"

"Wa miaka. Au miaka ya mtumwa haihesabiwi?"

Nilipigwa kofi. Kesho yake nikamwamkia tena, na kesho kutwa. Siku ya nne, bila kuniangalia, Farjalla akasema "Marahaba" kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja chakula cha watu.

Tulicheka sana pale. Bwana Bustani alichora karatasi nzuri yenye njia za duara, duara ndani ya duara, tukazichonga kwa kamba na vigingi, tukamwaga mchanga mweupe. Watu wa Kilindoni wakaendelea kupita katikati moja kwa moja kwenda kisimani, juu ya maua yake. Akaweka uzio wa miiba. Wanawake wakauchukua, wakazungushia mabanda yao ya kuku. Akaweka kibao, nikakiandika mwenyewe, "Tafadhali piteni njiani." Bi mmoja akasimama akakisoma chote, akageuka kwangu. "Mwanangu, sisi tunapita njiani. Njia ndiyo hii, tangu bibi yangu. Ninyi ndio mmepanda maua njiani." Wiki nzima Bwana Bustani alinuna. Farjalla akamwambia, "Bwana, acha mwezi. Tazama nyasi zimekufa wapi. Hapo ndipo njia." Tukafanya hivyo. Bustani ikapata njia moja iliyopinda vibaya, isiyofanana na karatasi hata kidogo, na maua yakapona. Nanyi msichore njia kabla hamjaona miguu ya watu.

Kaa walikuwa adui mwingine. Mche wa kigeni ukipandwa jioni, asubuhi umekatwa kama kwa mkasi. Bwana Bustani akaleta dawa ya unga mweupe, kaa wakaipita. Sisi tukazungushia kila mche pete ya makumbi ya nazi, kaa wakashindwa kupanda. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake kwa furaha kubwa. Nilimpenda kwa hilo. Alikuwa tayari kufundishwa, ilimradi afundishwe polepole.

Nimezunguka mno. Nataka kuwaeleza kisanduku.

Mbegu zilitufikia kwenye visanduku kutoka vituo vya bara. Kila kisanduku kilipofika, Farjalla aliacha alichokuwa anafanya, akaja kusimama barazani mwa boma. Nikadhani anapenda tu mambo mapya. Siku moja nikamuuliza anatafuta nini. Akaniambia.

Jina la kwao alikuwa halijui. Alichukuliwa angali mdogo mno, na lugha ya mama yake ilimtoka kinywani neno baada ya neno mpaka ikaisha. Kilichobaki ni mti. Mama yake aligonga magome ya mti huo kwa nyundo ya mbao mpaka yakawa laini, yakawa nguo. Na kila mwaka, nchi ikiwa kavu kabisa na mvua haijaja, miti ile ilitoa majani mapya, na majani hayo hayakuwa ya kijani. Yalikuwa mekundu. "Mlima mzima," alisema. "Mwekundu kama shaba. Halafu mvua ndiyo inakuja."

"Mti unatoa majani kabla ya mvua? Maji unayapata wapi?"

"Sijui."

"Na mekundu? Huenda uliota, Baba Farjalla. Ulikuwa mtoto."

Hata sasa ninajuta kusema vile. Hakukasirika. Alisema tu, "Huenda. Ndiyo maana nataka niuone. Mara moja inatosha. Nikiuona mwekundu, nitajua kuwa nina kwetu, sikuota."

Mnaona alichokuwa anakitaka. Hakutaka shamba wala mali. Alitaka mti mmoja umtolee ushahidi.

Mwisho wa kusi, jua likiwa kali, kikaja kisanduku kilichojaa maganda mapana ya mbegu, magumu kama ubao, ya rangi ya kahawia. Bwana Bustani akayamwaga kwenye mkeka barazani yapate jua, nami nikakaa kando na vibao vyangu. Karibu na saa sita ganda moja likapasuka. Pa! Likajinyonga, mbegu ikaruka ikanigonga shavuni. Halafu jingine, pa! Halafu mengi kwa pamoja, kama mahindi kikaangoni, mbegu zinaruka huku na huku, bapa, zinang'aa kama vifungo vya koti. Nilikuwa ninacheka na kujikinga na kanga. Nilipogeuka nikamwona Farjalla amesimama kwenye ngazi, jembe begani, mdomo wazi.

"Hiyo," alisema.

"Hiyo nini?"

"Hiyo sauti. Tulikuwa tunalala chini ya hiyo sauti mchana." Akaketi kwenye ngazi pale pale, mbele ya askari wa boma, akalia, na mbegu zinamdondokea.

Bwana Bustani akaisoma karatasi ya kisanduku. Farjalla akamshika mkono wa shati, jambo ambalo mtu hakulifanya kwa Mdachi. "Imeandikwa zimetoka wapi?"

"Milima ya kusini."

"Milima gani?"

"Haikuandikwa. Farjalla, miti hii ni mingi. Mtu anaweza kutembea ndani yake mwezi mzima asitoke."

Kwa hiyo karatasi haikumpa kwao. Ila mbegu alikuwa nazo. Bwana Bustani akampa ruhusa ya kuzipanda, na sehemu nzuri karibu na njia ile iliyopinda. Farjalla akazipanda nusu, nusu akazifunga kwenye pindo la shuka lake.

Zikaota haraka. Majani ya kwanza, wanangu, yalitoka mekundu. Madogo kama ukucha, laini kama ngozi ya mtoto mchanga, na mekundu. Farjalla alipiga magoti, akayatazama kwa jicho moja kisha kwa jingine. Akaniita, "Bi Kwa Nini! Njoo uulize sasa!" Nikapiga magoti kando yake nikatazama.

Mvua za vuli zilipoanza tukachagua miche mitatu iliyo bora, mingine ikiwa imedhoofika, tukaihamishia mahali pake. Ikahitaji kibao. Bwana Bustani aliandika jina lao la kisayansi juu. Chini mimi nikamuuliza Farjalla mti unaitwaje, naye hakulijua jina. Basi nikaandika: Mti wa kwao Farjalla. Mdachi akauliza maandishi yale yana maana gani, nikamweleza. Akafikiri sana. Nilitegemea atakifuta. Akasema, "Ni sahihi," akakipigilia msumari mwenyewe.

Habari ikasambaa mashambani. Ijumaa watu wakaanza kuja. Si wale wa mjini, ni wazee wa kike na wa kiume waliokuja kisiwani kama alivyokuja Farjalla. Walisimama mbele ya miche mitatu isiyofika goti. Bi kizee mmoja alitembea kwa miguu kutoka kijiji cha Kanga, mwisho wa kisiwa upande wa kaskazini. Akainama, akagusa jani, akalinusa, akatikisa kichwa. "Huu si wa kwetu," alisema. "Lakini wanajuana na wa kwetu." Akaniuliza kama visanduku vingine vitakuja. Nikamwambia vitakuja. Akapumzika usiku ule, kesho yake akarudi Kanga.

Wale wanawake wa kisimani hawakuniuliza tena mti wa kutazamwa ni wa nini. Mmoja wao alianza kuwaletea wageni hao maji ya kunywa.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana hili ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kwetu Mafia shimo la mnazi halifukiwi bila chumvi. Mmekuta hivyo, nami nilikuta hivyo. Konzi mbili za chumvi, majivu kidogo, ndipo mche unashuka. Baba yangu alifanya hivyo, babu alifanya hivyo, hata shangazi Mwatumu asiyeshika jembe aliwahi kumgombeza mkulima aliyesahau. Bwana Bustani alikuwa amekataza kitu chochote mashimoni zaidi ya majani yaliyooza. Nikaona, huyu mgeni anajua nini juu ya ardhi yetu? Asubuhi ya kupanda, kabla wengine hawajafika, nikaenda na kikapu changu. Konzi mbili kila shimo. Halafu nikafikiri ni nani yule anayepandiwa, nikaongeza ya tatu.

Mimi niliyemuuliza Mdachi, niliyemuuliza shangazi, niliyemuuliza hata baba kwa nini kalamu ya mwanzi na si ya unyoya, chumvi sikuiuliza.

Majani yalianza kuungua pembeni. Ncha kwanza, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, halafu yakajikunja. Jifunzeni kuisoma dalili hiyo: jani linaloungua kutoka ukingoni linakuambia kuhusu maji na chumvi. Farjalla aliiona akadhani ni kisima, kwa kuwa siku za bamvua, bahari ikijaa kabisa, maji yetu hugeuka ladha. Akaacha kutumia kisima, akawa anabeba maji kutoka mbali kichwani mwake, mtu mwenye mvi. Nilimwona akipita na mtungi wa maji asubuhi na jioni, nami nimekaa na vibao vyangu, chumvi yangu nimeificha. Miche ikafa yote mitatu.

Ijumaa ile walikuja watu kama kawaida. Farjalla alisimama mbele yao akisugua mikono. "Kwetu kumenikataa," aliwaambia. Hakusema kwa mzaha. Bi wa Kanga akamwekea mkono begani.

Ningeweza kuyastahimili mengine yote, lakini si neno lile. Watu walipoondoka nikamfuata kwenye banda la majembe.

"Baba Farjalla, si kwenu. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilitia chumvi."

Alinitazama kama haelewi. "Kiasi gani?"

"Konzi tatu."

"Tatu!" Akaketi juu ya gunia. "Mnazi wenyewe hupewa mbili."

Nikasubiri anifukuze. Aliondoka, na siku tisa hakuitikia shikamoo yangu. Siku ya kumi alikuja pale ninapoandika, akafungua pindo la shuka, akaziweka mbegu zilizobaki juu ya kibao kibichi, zikashika wino.

"Safari hii," alisema, "ukiona chumvi hata ya mboga, ikimbie."

Tulizipanda masika kwa uangalifu ambao sijauona tena kazini. Udongo tuliuchekecha. Maji tulikinga ya mvua, kwenye mapipa. Kivuli tulipunguza kuti moja kila siku ya tatu. Bwana Bustani alipima urefu wa miche kila Jumatatu na kuandika. Zikaota kumi na moja, zote na majani mekundu, na Farjalla akaanza tena kucheka mashimoni.

Zilipofika kimo cha kiganja zikasimama.

Hazikuungua. Ziligeuka manjano, taratibu, jani la chini kabla ya la juu, kama zinazokufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Tukaongeza samadi, tukapunguza samadi. Tukazisogeza juani, tukazirudisha kivulini. Bwana Bustani aliandika barua kwa wenzake bara, jibu likaja kwamba nako vituoni mbegu hizo zinafanya vivyo hivyo, na wenyewe hawajui sababu. Kipupwe kilipokuja ukafa mche wa mwisho.

Farjalla hakusema tena kwamba kwao kumemkataa. Alifanya jambo jingine. Wiki moja baadaye nilimkuta asubuhi ufukweni, maji yamekupwa, watu wanatembea matopeni kwenda kupanda mashua ya Kilwa. Alikuwa na kifurushi kimoja kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Miche haikuweza kuja, Bi Kwa Nini. Nakwenda mimi."

"Lakini hujui jina la kwenu! Utamuuliza nani?"

"Sitauliza. Nitakwenda kusini mpaka mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa milima itajionyesha."

"Na ukikuta yote ni myekundu? Mdachi alisema ni mwezi mzima wa kutembea."

"Basi nitakaa katikati," alisema, akacheka.

Nikamwambia abaki. Nikamwambia vitakuja visanduku vingine, tutajaribu tena, bustani haitakuwa na msimamizi, nani atanifundisha. Niliyasema yote kwa haraka na vibaya, kama mtoto. Alingoja nimalize.

"Ungelikuwa umesimama mti mmoja," alisema, "hata mmoja, ningekaa nao. Nisingeutaka mlima."

Nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba kwa sauti kubwa, mashua nzima ikasikia, akaingia majini.

Haikupita muda vita ikaanza, na huko kusini alikoelekea ndiko ilikopita vibaya zaidi. Bwana Bustani akaondoka pia. Aliniachia daftari la vipimo, wakalichukua askari kuwashia moto. Waingereza walipofika waliona uwanja mzuri wa hema. Miti yetu ya kutazamwa ikawa kuni. Baada ya vita walitaka miche ya minazi tu, nami nikaendelea na hiyo, miaka yote mliyosikia, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoijua. Nimelea miche isiyohesabika. Nimemuuliza kila baharia wa Kilwa, na kila mtu mwenye lafudhi ya bara aliyeshuka hapa, kama amemwona mtu aitwaye Farjalla. Wapo walionionea huruma wakaniambia wamemwona. Niliujua uongo wao.

Mpaka leo mwezi wa tisa ukiingia ninatazama upande wa kusini. Ni bahari tu, najua. Sijawahi kuuona mti ule ukiwa mkubwa. Kuna siku najiuliza ni mwekundu wa namna gani, wa shaba kweli au wa damu, na yule mtu wa kumuuliza hayupo.

Mwaka juzi alipita hapa kijana wa idara ya misitu, mtu wa rika lenu, msomi, akalala kwetu siku mbili. Nilimweleza miche ile: majani mekundu, kimo cha kiganja, manjano kutoka chini. Hata sikumaliza. Aliniambia ni jambo linalojulikana siku hizi, na akalieleza bila kujua anamwambia nani. Katika udongo wa miti ile huishi kitu kama uyoga, chembamba kuliko uzi, kinachoshikana na mizizi na kuilisha. Ardhi ya kisiwa chetu haina. Mbegu ya mti ule ikipandwa ugenini huota vizuri, kisha hufa njaa ikiwa na kimo cha kiganja, isipokuwa utie shimoni kikombe kimoja cha udongo uliochotwa chini ya mti mkubwa wa kwao.